Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: tunaomba kusomewa karatasi zetu za moyo

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa,

Kamwene. Nakuandikia kabla hatujaanua matanga. Jumatano tumemzika jirani yangu, dereva wa Fuso la mbao, mwanaume wa miaka 49 aliyeacha mke na watoto wanne. Tulipokuwa tunatafuta kitambulisho chake kwenye mfuko wa koti, kaka yake alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya rangi ya waridi, yenye viboksi vidogovidogo na mistari inayopanda na kushuka. Niliitambua kabla hajamaliza kuikunjua, kwa sababu ya mke wangu ninayo, nimeihifadhi ndani ya daftari tangu mwaka juzi. Ni karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Tarehe iliyopigwa juu yake ilikuwa ya siku tatu kabla hajafa.

Mjane anasema siku ile mumewe alirudi nyumbani mwepesi kabisa. Aliingia mlangoni anasema, "Wamesema moyo mzima." Akala, akalala, kesho yake akaenda kupakia mbao. Usiku wa tatu aliamka analowa jasho, katika baridi hii ya Julai ambayo sisi wa huku tunajifunika mablanketi mawili. Akasema kifua kimekandamizwa kama amelaliwa na gogo. Bodaboda ilipofika, alikuwa ameshakata roho.

Mwili haukuchunguzwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni moyo. Lakini ninajua maneno aliyoambiwa, kwa sababu mke wangu aliambiwa hayo hayo, na nusura yamuue.

Mheshimiwa, wewe tunafahamiana. Mwaka jana mwezi wa tisa ulikuja kwetu, tukakaa uwanja wa shule. Nilikuwa safu ya pili, pamoja na wazee. Nilisimama nikakueleza habari za mke wangu, nikaomba jambo moja: mgonjwa akipimwa moyo, asomewe majibu yake na aelezwe yana maana gani. Ulinijibu mbele ya watu kwamba ndani ya miezi mitatu jambo hilo litakuwa limeshughulikiwa. Mtendaji wa kijiji aliliandika kwenye muhtasari na nakala ninayo. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Miezi mitatu imekuwa kumi, na tumezika.

Naomba nirudie ya mke wangu, maana pale uwanjani muda haukutosha.

Mke wangu analima viazi. Mwaka juzi alianza kusimama njiani anapopanda kilima na ndoo. Anaweka ndoo chini, anashika kifua, anangoja dakika mbili tatu, inaachia, anaendelea. Wakati mwingine maumivu yalikuwa ya taya, akadhani ni jino. Tulienda kituo cha afya tukaambiwa vidonda vya tumbo. Akameza dawa za vidonda miezi saba. Ndipo tukaenda hospitali kubwa zaidi, na hapo kwa kweli walimpima. Walimlaza, wakambandika vile vinasio kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi. Kijana aliyekuwa zamu akatazama juu ya karatasi, pale mashine yenyewe inapochapa neno lake la Kiingereza, akasema, "Mama, moyo wako mzima." Tukalipa, tukaondoka. Nilimshukuru Mungu, nikamnunulia soda.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34. Mtoto anayetamka neno lililo ubaoni bila kujua maana yake hatusemi kwamba amesoma. Yule kijana alitamka neno la mashine.

Hali ilipozidi niliuza ekari mbili za miti. Misonobari ilikuwa na miaka tisa tu, na wewe unajua mti wa miaka tisa unauzwa kwa bei gani ukilinganisha na uliokomaa. Ilikuwa akiba yetu ya uzeeni. Tukapanda basi la alfajiri. Kwenye kona za Kitonga alinishika mkono na hakuuachia mpaka tuko bondeni. Hakusema kitu njia nzima hadi Mikumi.

Kule Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, nilikutana na jambo ambalo ndilo chanzo cha barua hii. Daktari, dada wa umri wa mwanangu wa pili, alivuta kiti akakaa mbele ya mke wangu. Aligeuza ile bahasha ya kaki tuliyobebea vyeti, akachukua kalamu, akachora ngumi. Akasema, "Mama, moyo wako ni mkubwa kama ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu, lakini na wenyewe unahitaji damu ili uishi." Akachora mishipa inayotambaa juu ya ile ngumi: mmoja wa kulia, na wa kushoto unaogawanyika mara mbili, tawi moja likishuka mbele na jingine likizunguka nyuma. Akaweka nukta nene kwenye tawi la mbele. "Mafuta yakijijenga ukutani mwa mshipa, njia inakuwa nyembamba. Ukikaa, damu inatosha. Ukipanda mlima na ndoo, moyo unadai zaidi na njia haipitishi. Ndiyo hayo maumivu."

Kisha akaomba ile ECG yetu ya nyumbani, akaitandaza magotini, akaisoma mstari kwa mstari. Akatueleza kwamba ECG ya kawaida huchukua kama sekunde 10 tu za maisha ya mtu, tena akiwa amelala. Inasaidia sana mtu akiwa na maumivu wakati huohuo, au kama moyo ulishawahi kuumia, au mapigo yakiwa hayaendi sawa. Ila mtu mwenye mshipa uliobanwa anaweza kulala pale, mashine ikatoa mistari safi kabisa, kwa sababu katika mapumziko moyo wake haudai kitu. Mishipa yenyewe ECG haiioni. Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo waliponiambia mzima?" Daktari akamjibu kwa upole, "Umeme ulikuwa mzima, mama. Mishipa hawakuiangalia."

Mheshimiwa, sentensi hiyo ndiyo niliyoifuata Dar es Salaam kwa ekari mbili za miti.

Alimfanyia eko, ile ya mawimbi ya sauti kama ya wajawazito. Akatuonesha kuta za moyo zinavyokaza na milango inavyofunga, akatuambia kabla hatujauliza kwamba na hii nayo haioneshi mishipa hiyo. Inaonesha kama nyama ya moyo imeshadhurika. Kesho yake akapandishwa kwenye mashine ya kutembelea, amebandikwa waya, na kila baada ya dakika tatu mwendo na mwinuko vinaongezwa. Nilitazama nikasema moyoni, hiki si ndicho kilima chetu cha kwenda kisimani? Hatua ya pili haikuisha. Kifua kikabana, na kwenye kioo mstari uliokuwa umenyooka ukashuka chini. Maumivu ya miezi yote ile yalionekana kwa macho ndani ya dakika sita.

Tulimuuliza kuhusu CT-Scan, maana mtoto wetu wa mjini alisema ndiyo inayomaliza kila kitu. Akatueleza kwamba ziko mbili. Moja haina sindano ya rangi. Inahesabu chokaa iliyoganda kwenye mishipa na kutoa namba. Sifuri ni habari njema, zaidi ya 400 ni chokaa nyingi na hatari kubwa, lakini hata sifuri haimalizi maneno, kwa kuwa mafuta mapya bado ni laini na hayana chokaa. Ya pili wanachoma dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono, baada ya kuangalia kama figo zitaihimili, na mara nyingi wanakupa dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ili picha isicheze. Hiyo inaonesha mishipa yenyewe. Kwa mke wangu, kwa jinsi alivyoshindwa kwenye mashine, akashauri waende moja kwa moja kwenye anjiografia, yaani mrija mwembamba unaoingizwa mkononi kwenye kifundo, unapelekwa mpaka kwenye moyo, rangi inamwagwa ndani ya mishipa na eksirei inatazama papo hapo.

Mshipa wa mbele ulikuwa umezibwa kwa asilimia 90. Alitueleza kwamba kwa kawaida kuanzia asilimia 70 ndipo wanauhesabu mshipa kuwa umebanwa sana. Wakauzibua na kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoshikilia njia ibaki wazi, siku ileile. Leo mke wangu anapanda kilima. Anapanda polepole, na ndoo nimemkataza, lakini anapanda.

Maelezo ya ile bahasha yalichukua dakika 15. Nilikuwa nimevaa saa.

Sasa, kwa nini huku kwetu haiwezekani? Mimi nipo nje, nakisia tu. Nadhani wanaojua kuisoma ile mistari ni wachache, na wakienda likizo mashine inabaki inajisomea yenyewe. Nadhani foleni inawatisha. Nadhani pia kuna waliozoea kuona kwamba mtu wa shamba haelewi, basi apewe neno moja aende. Kama ni hilo la mwisho, linaniuma kuliko yote, maana mke wangu ana darasa la saba na aliielewa ile bahasha kuliko mimi.

Sikuombi mtambo wa mabilioni. Najua chumba cha mrija hakijengwi kwa mwezi mmoja. Ila mtu akija na kifua kinachobana sasa hivi, ECG apigwe ndani ya dakika 10 za kufika kama taratibu za kitabibu zinavyotaka, na maumivu yakiendelea irudiwe. Damu ipimwe troponini, ile protini inayovuja nyama ya moyo inapoumia, na irudiwe baada ya saa chache, kwa kuwa mwanzoni inaweza kuwa haijapanda. Watumishi wakumbushwe kwamba wanawake na wenye kisukari wanaweza kuja na uchovu, kichefuchefu, pumzi kukata au taya tu, na wasipewe dawa za vidonda kwa mazoea. Wenye maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika wapewe rufaa mapema, wasisubiri mpaka wauze miti.

Na hata hayo yakikushinda mwaka huu, basi hili moja. Kila anayepewa karatasi ya ECG aambiwe maneno haya kwa Kiswahili: "Umeme wa moyo wako, kwa sekunde hizi ulipokuwa umelala, haujaonesha shida. Mishipa ya moyo hatujaiona. Kifua kikibana tena ukiwa umekaa, au ukitoka jasho la baridi, usilale nyumbani, njoo hapohapo." Ni nusu dakika. Yaandikwe kwenye karatasi, yabandikwe ukutani juu ya kile kitanda, kijana wa zamu ayasome kama yalivyo.

Jirani yangu angeambiwa hayo asingepakia mbao kesho yake. Huenda angekufa hata hivyo. Yule daktari alinieleza kwamba hata mafuta yaliyobana nusu tu ya njia yanaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba mshipa ndani ya dakika chache. Lakini angekuwa na nafasi ya kuchagua. Alinyimwa hiyo nafasi, akapewa neno "mzima", akaondoka nalo kwa furaha. Mjane amenisimulia mara tatu jinsi alivyoingia mlangoni anatabasamu.

Karatasi yake ninayo mimi, familia imenikabidhi. Hizi karatasi huchapwa kwa joto, si kwa wino, na zinafifia. Ya mke wangu upande mmoja imeshakuwa nyeupe. Ya marehemu, pale ilipokunjwa na kusuguliwa na jasho la koti, mistari imeanza kupotea.

Jumatatu asubuhi nitakuja ofisini kwako na mjane. Hatuji na wakili wala mwandishi wa habari, na fidia hatudai. Anataka mtu anayejua kusoma akae mbele yake, aitandaze ile karatasi na amweleze ilisema nini. Tutakaa hapo kwenye benchi la nje mpaka apatikane.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nyanda za Juu Kusini