Sanduku la kuinua pikapu mnaloliita "Kamili" lina mapungufu ya hatari

Bukavu, Jimbo la Kivu ya Kusini

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya kuuza piyesi za magari,
Bukavu

Kuhusu: malalamiko juu ya sanduku la kuinua pikapu na karatasi yake ya maelekezo

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu. Sisi ni mafundi wa garaji na wenye pikapu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, komini tatu za Bukavu. Tunakuandikia kuhusu sanduku la piyesi za kuinua bodi ya pikapu juu zaidi ya ekseli ya nyuma, mnalouza kwa ajili ya Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, lile lililoandikwa "Kamili, jifungie mwenyewe". Mtu anayeanza hawezi kulifunga kwa kufuata karatasi yenu bila kuharibu breki za gari lake. Na wanaolinunua ni hao wanaoanza: kijana amepata Hilux kuukuu ya aina ya LN105 au LN106, bodi imeliwa na kutu, injini ya dizeli ya 2L au 3L (hayo ni majina ya injini, si lita) bado inavuta, naye anataka gari lipite kwenye mawe ya njia ya Walungu bila kukwaruza tumbo. Nia yake hatuilaumu. Fundi mzoefu akifungua sanduku hilo anaona mara moja kinachokosekana na anakitafuta kwingine. Kijana yule anaamini neno "Kamili".

Ndani mna matofali mawili ya chuma ya sentimita 5, bolti nne za U, nati nane na karatasi ya ukurasa mmoja uliochapishwa pande zote mbili. Basi.

Tuanze na matofali yenyewe. Kwenye Hilux ya kuvuta magurudumu manne, springi za nyuma zimekaa juu ya ekseli, kwa hiyo tofali likiwekwa katikati yao, nyuma ya gari inapanda kwa urefu ule ule wa tofali. Hapo hamjakosea. Lakini ekseli haitembei mbele wala nyuma kwa sababu kichwa cha bolti ya katikati ya springi kimezama kwenye tundu la kiti chake. Tofali linapoingia, juu linatakiwa liwe na tundu la kupokea kichwa hicho, na chini liwe na pini ya kuingia kwenye kiti cha ekseli. Pini zenu ni nyembamba mno. Ukiiweka moja kwa mkono inacheza, na pembeni yake inapita ncha ya bisibisi ndogo. Pini ya namna hiyo haishiki kitu: ekseli inabaki ikishikiliwa na ukazo wa bolti za U peke yake. Nati zikilegea kidogo tu, upande mmoja wa ekseli unarudi nyuma, gari linatembea kimshazari, na dereva asiyejua anapelekwa kulipia kupangiwa magurudumu ya mbele ambayo hayana kosa lolote.

Kuhusu nati, karatasi inasema "kaza mpaka mwisho". Mwisho wa nani? Nati za bolti za U za nyuma kwenye magari haya hukazwa karibu Nm 120 (kipimo cha nguvu ya kukaza, kinachosomwa kwenye spana ya kupimia), kwa mshazari, kidogo kidogo kwa zote nne za kila upande, na ukazo wa mwisho hutolewa gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Rangi na kutu vilivyobanwa kati ya vyuma husagika baada ya mwendo mfupi, ndiyo maana nati hurudiwa baada ya kilomita 100, kisha tena baada ya kilomita 500. Hakuna neno hata moja juu ya kurudia. Badala yake mmeandika kwamba bolti za zamani "zikiwa nzima" zinaweza kutumika tena. Bolti ya U ikishakazwa na kufanya kazi miaka 30, uzi wake umevutika, haitumiwi tena. Isitoshe ya zamani ni fupi kwa sentimita 5, sasa itafika wapi?

Mstari wa sita wa karatasi ni mbaya kuliko hayo yote. Unasema mteja akitaka gari likae sawa anunue sanduku la pili na kuweka matofali mbele pia. Bwana Mkurugenzi, futeni mstari huo leo hii. Ekseli ya mbele ndiyo inayopokea nguvu kubwa ya breki, na ndiyo inayobeba usukani. Tofali kule linaipa ekseli nafasi ya kujipindua chini ya springi kila dereva anapokanyaga pedali. Mbele huinuliwa kwa springi zenye mpindo mkubwa zaidi, si kwa tofali. Na kuna Hilux nyingine za miaka hiyo hiyo ambazo mbele hazina springi za vyuma bapa kabisa, zina vyuma vya kujisokota. Mwenye gari hilo akifuata mstari wa sita atatafuta pa kuweka tofali asipaone.

Sasa breki, ambazo ndizo zilizotufanya tukae pamoja na kuandika. Nyuma ya gari, kwenye shasi, kuna vali ndogo yenye fimbo inayoteremka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likipakiwa, shasi inashuka karibu na ekseli, fimbo inasukumwa juu, na vali inaachia nguvu zaidi iende kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, vali inabana nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na mkia wa gari usiruke pembeni. Ukiongeza tofali la sentimita 5 bila kugusa fimbo, shasi imekwenda juu na vali inadhani gari ni tupu siku zote. Pakia mifuko 20 ya saruji, yaani tani nzima, nayo bado inahesabu mzigo mdogo kuliko uliopo. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu, za mbele zinabeba zilizobaki.

Mjini dereva anaweza asigundue. Anagundua akishuka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola. Diski za mbele zinapata moto, pedi zinapoteza mshiko, na kama mafuta ya breki ni ya zamani yamekwisha kunywa maji, yanachemka ndani ya bomba na pedali inazama hadi sakafuni. Watu watasema breki zimekatika, fundi wa mwisho kuligusa gari atalaumiwa, na hakuna atakayeliangalia tofali.

Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma: kishikio kinachoinua ncha ya chini ya fimbo kwa sentimita 5 zile zile, ili vali isome kama ilivyokuwa ikisoma. Bolti mbili, mashimo matatu. Mtu yeyote mwenye mashine ya kuchomelea hapa Kadutu anaweza kukitengeneza, na kiwanda kinacholeta matofali yenu kingeshindwa nini? Tunajua wapo mafundi wanaoing'oa vali hiyo na kuunganisha bomba moja kwa moja. Hatukubaliani nao. Gari tupu kwenye tope la mteremko, breki za nyuma zikipewa nguvu zote, nyuma inataka kutangulia mbele.

Halafu kuna mpira wa breki unaotoka kwenye shasi kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Urefu wake ulipimwa kwa gari ambalo halijainuliwa. Gari likisimama tambarare mpira unaonekana hauna shida, na hapo ndipo anayeanza anapodanganyika. Kipimo cha kweli ni kuinua gari kwa jeki chini ya shasi, si chini ya ekseli, uliweke juu ya stendi, kisha uache magurudumu yaning'inie kabisa. Tumefanya hivyo kwenye gari lililofungwa sanduku lenu: mpira ulinyooka kama kamba ya nguo, na pale unapoingia kwenye kichwa cha chuma ngozi yake ilifunguka nyufa hadi nyuzi nyeupe za ndani zikaonekana. Gari likivuka mtaro, gurudumu moja likining'inia, hali ni hiyo hiyo, na breki zote za nyuma zinategemea mpira huo mmoja. Sanduku linaloitwa kamili lazima liwe na mpira mrefu zaidi au kishikio cha kuushusha ule wa zamani. Kebo ya breki ya mkono na mpira wa kupumulia wa difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) vikaguliwe kwa njia hiyo hiyo.

Na mpira ukibadilishwa, hewa imeingia. Karatasi haisemi lolote juu ya kutoa hewa. Mngeweza kuandika hivi kwa mistari mitatu: mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa gari la usukani wa kushoto ni la nyuma kulia, na kwa la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, maana hapa tunayo yote mawili, na usisahau nipeli, yaani skrubu ya kutolea hewa, iliyo kwenye vali ya mzigo yenyewe, kwa kuwa hewa inayobaki pale huacha pedali laini hata magurudumu manne yote yakiwa yamekwisha kutolewa hewa.

Gari likishainuliwa, shokapu za zamani nazo huwa fupi. Gurudumu likining'inia zinafika mwisho kabla ya springi, na ndizo zinazobeba uzito wa ekseli hadi kishikio chao kinapasuka. Kadani, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, inapata pembe kali zaidi, krosi zake (viungo vya kupindia) zinakufa mapema, na kwenye pikapu ndefu zenye kadani ya vipande viwili beringi ya katikati huanza kutetema gari linapoondoka. Kabari nyembamba chini ya springi hurekebisha pembe hiyo. Hayo yangeandikwa tu, hata kama hamuuzi kabari.

Wauzaji wenu wa kaunta huwashauri wateja wachukue pia matairi makubwa zaidi, ya saizi ya 235/85R16, ili gari "lionekane". Pikapu nyingi za aina hii zilitoka na 205R16, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 742. Yale mengine ni kama 806. Hiyo ni karibu asilimia 9 zaidi. Spidi ikisoma 60, gari linakwenda 65. Mbaya zaidi ni kwamba gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia hiyo hiyo, wakati injini ya 2L ni ya lita 2.4, haina turbo, na mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi. Mlima unapandwa kwa kusugua klachi, na breki zile zile zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi. Muuzaji anayempa mteja ushauri huo amwambie na gharama ya klachi.

Upande wa pili wa karatasi mmeweka "huduma ya kwanza ya gari kuukuu". Mmesema oili ya injini ni lita 4. Kwa 2L na 3L inaingia zaidi ya lita 5 pamoja na filta. Anayeanza afundishwe kumimina, kusubiri na kusoma kijiti. Mmesema pia mkanda wa taiming ubadilishwe "ukianza kulia". Mkanda huo haulii. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye gari lililonunuliwa bila historia hubadilishwa mara moja pamoja na beringi ya kuukaza, kwa sababu ukikatika vali zinagongana na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa yake maalumu, inayowaka kilomita hizo zikifika. Wapo wanaong'oa balbu ya taa hiyo kabla ya kuuza gari, jambo ambalo karatasi yenu ingefaa kuwaonya wanunuzi.

Tunachoomba ni hiki. Sanduku hilo liondolewe madukani hadi litakapokuwa na pini zinazoenea, kishikio cha vali, mpira mrefu wa breki na shokapu za urefu unaofaa. Kama bei itapanda, ipande. Karatasi iandikwe upya kwa Kiswahili na Kifaransa, na tuko tayari kuisoma kabla haijachapishwa, bila malipo. Waliokwisha kununua waitwe kwa kutumia nakala za risiti mlizo nazo, na arudishiwe dola zake kila anayetaka kurudisha, hata kama sanduku limefunguliwa au limefungwa kwenye gari. Kusema "piyesi ikishatoka dukani hairudi" hakufai kwa kitu kinachogusa breki.

Tunaambatanisha tofali moja lenye pini inayocheza, mpira wa breki uliopasuka, na karatasi yenu tuliyozungushia makosa kwa kalamu nyekundu. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Kwa sasa, kila mteja anayeingia garajini na sanduku hilo tunamwambia asilifunge.

Kwa heshima,

Mafundi wa garaji na wenye pikapu
wa Ibanda, Kadutu na Bagira