Neema, nimesikia unafanya zamu za usiku

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Huku ni wazima, ingawa baridi imeanza na mlima haujaonekana wiki nzima.

Nimefurahi umepata kazi hotelini. Ila uliponiambia unatoka zamu saa moja asubuhi, ukakimbilia kipindi cha saa mbili chuoni Njiro, Arusha, nilinyamaza kwenye simu. Nilijiona mwenyewe.

Mwaka jana nilikaa mapokezi usiku tano mfululizo, mchana nipo darasani. Usiku wa tano nilikuwa naandika stakabadhi ya mgeni. Kushtuka, kalamu imeteremka na kuchora mstari mpaka nje ya kitabu, na elfu hamsini ya hoteli haionekani. Wakaikata kwenye mshahara. Kilichoniuma zaidi ni mtihani wa asubuhi ile. Swali nalijua, nalisoma mara nne, maneno hayaingii. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani. Nyumbani nikawa mkali, namfokea mdogo wangu kisa kijiko.

Sikujua kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamlinda hata mfanyakazi anayesoma. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, unastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, unastahili saa 12 za kupumzika. Na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mimi nilikuwa nakula wali huku nimebana simu ya wageni begani!

Muhula huu nilimpelekea msimamizi ratiba ya mitihani wiki tatu kabla. Alikuna kichwa, kisha akanipa zamu za mchana, Jumamosi na Jumapili tu. Na wewe mpelekee wa kwako, usisubiri akuulize. Hela imepungua, kweli. Nilimweleza mama kwamba siwezi kutuma kama zamani, nikitetemeka. Akasema, "Mwanangu, kwani nilikuomba unitumie usingizi wako?"

Nililia, Neema.

Siku yako ya mapumziko ikifika, panda kosta ya asubuhi uje. Usibebe zawadi wala madaftari. Nitakupikia mtori, lakini utalala kwanza, kitanda nimeshakitandika.

Rafiki yako,
Upendo