Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Mdahalo

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu walezi, wajumbe wa bodi, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu, hapa chini ya milima ya Udzungwa. Klabu yetu ina bustani ya miche, ina daftari la mvua, na ina wanachama wengi kuliko viti vya maabara. Mengine tutakuonyesha baadaye kwenye mabanda. Leo tunaomba tukusimulie mdahalo wa wiki hii, ambao mada yake ilikuwa: wanyama waliotoweka duniani warudishwe.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Upande wa kutetea ulianza kwa mbwembwe. Walieleza kuwa Aprili 2025 kampuni ya Colossal ya Marekani ilitangaza kumrudisha mbwamwitu mkubwa wa kale, aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Msemaji wa upinzani akangoja watu watulie, akauliza: mbwamwitu wa kijivu wa leo akibadilishwa jeni 14, ndiye yule wa kale, au ni huyuhuyu kavalishwa koti? Wanasayansi wengi waliuliza hivyohivyo.

Akaongeza habari ya mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees. Wa mwisho, jike aliyeitwa Celia, aliangukiwa na mti huko Hispania Januari 2000. Seli zake zilikuwa zimehifadhiwa, na baada ya majaribio mengi, mwaka 2003 akazaliwa mtoto mmoja, nakala yake iliyotokana na seli hizo. Mapafu yake yalikuwa na kasoro, akafa baada ya dakika chache. Kwa hiyo mnyama huyo ametoweka mara mbili. Hapo hata watetezi walinyamaza.

Hoja iliyowainua tena ilitoka kwa majirani zetu Kenya. Pale Ol Pejeta, Laikipia, wamebaki vifaru weupe wa kaskazini wawili tu, Najin na bintiye Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wataalamu wamechukua mayai ya Fatu, wakayarutubisha maabara kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, na sasa wanajaribu kuvipandikiza viinitete, yaani mimba changa zilizopatikana, kwa majike wa vifaru weupe wa kusini ili wavibebe. Kazi hii sisi tunaiunga mkono bila kusita: wenye jina hilo bado wanapumua, na mtoto akizaliwa atakuwa na wa kumfundisha kuwa kifaru. Mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya aliyetoweka, akizaliwa leo atafundishwa na nani?

Ndugu Mgeni Rasmi,

Lakini mdahalo uligeuka alipotajwa chura wa Kihansi. Huyu ni wa kwetu, wa Mto Kihansi hapa Udzungwa. Hafiki sentimita 3, hatagi mayai bali huzaa watoto waliokamilika, na makazi yake ya asili duniani kote ni eneo dogo la korongo moja linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani kutunzwa. Huku nyuma yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, vyura wakaongezeka, tukadhani yamekwisha. Mwaka 2003 wakapukutika ghafla. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikuwa umeingia. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Uzao wa wale waliosafiri ulianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Tulibishana sana kama huko ni kufufua. Upinzani ulisema siyo, kwani hakuwahi kuisha. Tunakubali. Ila ndipo tulipoona kuwa maabara inaweza kukupa chura, haiwezi kukupa korongo. Mpaka leo anayemweka hai ni fundi anayezibua mabomba, na kuvu bado ni tishio. Nasi hatuwezi kujifanya hatutaki umeme: taa za bweni zinawaka, na tuliandika risala hii chini yake.

Kura zilipohesabiwa, watetezi walishinda kwa tofauti ndogo. Sisi waandishi tulipiga kura ya hapana. Tunaogopa siku ambayo mwenye shoka atasema, kata tu, watamrudisha.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Changamoto zetu ni chache. Hadubini ya maabara ina lenzi iliyopasuka. Hatuna usafiri wa kutufikisha Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ingawa tunaiona kila asubuhi tukifagia.

Tuna ombi jingine dogo. Nyuma ya jiko la shule kuna kijito chenye vyura ambao hakuna anayejua ni wa aina ngapi, hata mwalimu wetu wa biolojia. Tumepanga kuwahesabu masika hii. Tunaomba mabuti ya mpira jozi kumi na tochi kumi, kwa kuwa vyura huhesabiwa usiku. Tumeshamwomba Mkuu wa Shule ruhusa ya kutoka bwenini, alicheka, hakukataa.

Naomba kuwasilisha.