Shukrani kwa Jirani Niliyemdhania Vibaya

Kwa jirani yangu wa Ngamiani, Tanga, ambaye najua hatapenda jina lake litajwe.

Dada yangu, kwa miaka 11 tuliyopakana ukuta nilikuhesabu kuwa mtu wa maringo, kwa kuwa mara nyingi nilikusalimu nawe ukapita bila kuitikia, nami, badala ya kuuliza, niliamini dhana yangu na kuwapitishia hata wanangu.

Mume wangu alipofariki nikaingia eda ya miezi 4 na siku 10, na wale niliodhani ni wa kufa na kuzikana walikuja mpaka arobaini, kisha wakapungua mmoja mmoja. Siwalaumu, kila mtu ana yake. Wewe ndiwe uliyebisha hodi alfajiri iliyofuata hiyo arobaini, ukiwa na bakuli la uji wa mchele wenye pilipili manga, limefunikwa kwa kawa, ukasema, "Watoto nitawapeleka shule mimi." Ukawapeleka kila siku hadi nilipotoka eda, na baadaye nikakuta daftari la hesabu la mwanangu limejaa masahihisho ya mwandiko wako.

Ni katika siku hizo nilipojua kwamba sikio lako la kushoto halisikii, na kwamba upande huo ndio uliokuwa ukielekea baraza yangu kila ulipopita.

Naomba radhi kwa kila neno nililolisema nyuma yako, na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Kawa lako bado liko kwangu. Nitalirudisha mwenyewe, juu ya sahani isiyo tupu.