Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kukusanya mimea,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulitembea Karura na Ngong, tukawafundisha wanafunzi kubana mimea kati ya magazeti, tukapeleka vielelezo vyetu Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, pale Makumbusho Nairobi. Mengine yamo kwenye kumbukumbu za katibu.

Naomba niseme kuhusu suala la maeneo ya kukusanyia mimea, kwa maana limesemwa sana, na mengi yamesemwa nikiwa sipo. Ni kweli niliagiza kwamba jarida letu na kundi la WhatsApp visitaje tena mahali hasa mimea adimu ilipokusanywa. Tunaandika kaunti, basi. Naambiwa sikushauriana na kamati nzima. Kamati nzima haikuja; siku hiyo tulikuwa wanne.

Chanzo chake ni picha ya kielelezo cha okidi aliyoituma mwenzetu. Picha nzuri, lakini lebo ilionekana pembeni na mwandiko wake ni safi kabisa: jina la kijito, mti uliobeba okidi ile, na tarakimu zote za GPS. Wiki haikuisha, nikapigiwa simu na mtu asiye mwanachama akitaka kujua kama "bado ipo, na ni bei gani." Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Jamii ya Encephalartos, mimea ya kale inayofanana na mitende, ukiwemo Encephalartos kisambo wa vilima vya Maungu, imo kwenye orodha kali zaidi. Ila mkataba haulali msituni kulinda mti.

Wanaonipinga wanasema kielelezo bila mahali ni jani kavu tu. Nakubaliana nao, ndiyo maana sijafuta lebo hata moja: kinachokwenda Makumbusho kina maelezo yote, na mtafiti mwenye barua yake ataonyeshwa. Mkusanyiko ule wa Hebaria ulianzia Amani, Tanga, mwaka 1902, ukahamia Nairobi 1950. Waliouanzisha hawakuwa na GPS, na kazi yao inatumika hadi leo. Kwamba Streptocarpus teitensis, mmea mdogo adimu wa maua, unaota Mbololo kule Taita, liko vitabuni. Unaota kwenye jiwe gani, hilo sioni kwa nini likae kwenye simu ya kila mtu. Aliyeandika kwamba "nimejifanya mwenye msitu" nilimkaribisha kwenye kikao. Hakufika.

Nikiendelea hapo hapo: wanachama 86 kwenye daftari, waliolipa ada ya shilingi 1,500 ni 29, na baada ya magazeti, karatasi, gundi na nauli tumebaki na shilingi 11,340. Gari la safari ya mwisho nililipia mwenyewe na sijadai. Matembezini tunakuwa wale wale, tena si wale wanaoandika usiku kwenye kundi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda na mfuko ukiruhusu, tutajaribu kwenda Taita, pengine na kabati jipya la vielelezo litapatikana. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. M-Pesa pia anapokea.