Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tulionunua Mabamba

Ndugu wanachama, matabibu wenzangu wa wanyama,

Kamati ilikutana mara nne kama katiba inavyotaka. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tulichanja bure. Mengine mnayajua.

Nije kwenye linalosemwa pembeni: kwa nini shilingi 6,800,000, kati ya akiba ya 9,100,000, zilinunua seti ya mabamba ya chuma ya kuunga mifupa ya mbwa iliyovunjika, pamoja na skrubu na drili za kuyafungia, wakati pini tunazo. Pendekezo lilikuwa langu, na bado nalisimamia.

Pini, yaani chuma chembamba kinachopitishwa ndani ya uboho, huzuia mfupa kupinda. Haizuii vipande kuzunguka, wala mfupa uliosagika kufupika. Waya wa kufungia husaidia pale tu mvunjiko umekwenda mshazari, kwa urefu wa angalau mara mbili ya kipenyo cha mfupa, na mbwa waliogongwa na bodaboda wengi hawaji hivyo. Kwenye kigasha, yaani mguu wa mbele chini ya kiwiko, pini haifai kabisa. Hakuna pa kuipitisha bila kuharibu kiungo. Mbwa wenye umbo dogo ndio wanaotuumbua zaidi hapo, kwa kuwa damu ni haba karibu na kifundo. Mwaka huu nilimpokea mmoja wa kilo mbili, plasta imekaa wiki tisa na mfupa bado unacheza. Nilimwekea bamba. Leo anakanyaga.

Waliotaka vyuma vya nje, vinavyokaa juu ya ngozi na kushika mfupa kwa pini zinazopenya nyama, walikuwa na hoja, na bei yake ni nafuu. Muundi wenye kidonda wazi mimi mwenyewe ningeanza navyo: huachi chuma ndani ya uchafu, na kuvitoa hakuhitaji kupasua tena. Lakini paja la mbwa limejaa nyama. Zikipitishwa pini humo, kila hatua ni maumivu na matundu hutoa majimaji. Plasta nayo haishiki paja, kwani lazima ifunge kiungo cha juu na cha chini, na nyonga huwezi kuifunga. Paja ndilo tunaloletewa sana. Ningefanyaje?

Kwamba niliamua peke yangu si kweli. Mkutano uliitishwa mara mbili, akidi haikutimia. Mara ya pili tulikuwa 11 kati ya wanachama 61. Aliyekuwa na pingamizi angekuja kulisema pale.

Ada inaniumiza zaidi. Wamelipa 24, jumla 1,440,000. Wanadaiwa 37, jumla 2,220,000. Kwenye mafunzo ya kufunga bamba walijiandikisha 20, wakafika sita. Mifupa ya mbuzi ya kujifunzia niliifuata mwenyewe machinjioni Vingunguti alfajiri, kwa nauli yangu.

Mwakani, Mungu akipenda na madeni yakilipwa, tutaongeza vyuma vya nje na kurudia mafunzo, tarehe tutawajulisha. Seti ipo ofisini, na ni ya wote. Mwenye mgonjwa amwarifu katibu siku moja kabla, na skrubu alizotumia azirudishie mpya.

Mwenyekiti