Shukrani kwa Mwalimu wa Kisauni

Mwalimu, uliniomba nisikutaje jina, na sitakutaja. Lakini kunyamaza siwezi.

Nilipomtoa mwanangu shule ya kulipia kwa kushindwa na karo, nikamleta ya serikali huku Kisauni, Mombasa, majirani walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Walimu wa serikali, wakaniambia, wanangojea mwisho wa mwezi tu. Wewe ukamkuta yuko gredi ya nne na aya moja ya Kiswahili haimalizi (na huko alikotoka alikuwa akipewa alama nzuri kila muhula!). Adhuhuri, wenzako wakila, wewe ulikuwa naye chini ya mwarobaini, silabi kwa silabi, bila kumfokea. Nilipokuletea bahasha uliirudisha: "Mama, mimi nalipwa mshahara. Mnunulie vitabu vya hadithi."

Watu husema shule hizi zimeoza. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wanafunzi nchini Kenya waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, na walimu hawakuongezwa kwa kadiri hiyo. Msongamano wauona kila siku, na lawama wabebeshwa wewe uliye darasani. Si haki, na inaniuma.

Sasa mwanangu humsomea babake gazeti jioni, hata matangazo madogo hayaruki. Ahsante sana, Mwalimu. Mungu akuzidishie afya. Mdogo wake namleta Januari.